Mwezi Ambao Madam Alirudi Jikoni

Asubuhi ya shule, na jiko la nyumba moja ya ghorofa huko Al Twar, Dubai, linanuka mkate ulioungua. Fortunate Kyomugisha amesimama mlangoni, sare ya mtoto iliyonyooshwa imelala kwenye mkono wake. Anamtazama mwanamke mwingine akipika.

Mwanamke huyo ni mwajiri wake, Madam Shamsa, anayefanya kazi katika ofisi ya bima. Amejifunga kitambaa kichwani na anapambana na mkate wa kumimina. Upande mmoja umekuwa mweusi, upande wa pili bado mbichi. Juu ya meza ya jiko amekaa binti yake Lujain, mwenye miaka saba, anatikisa miguu na kucheka. Mtoto anamega kipande cheusi, anatia mdomoni, anasema kitamu.

Fortunate anaitundika sare kwenye kiti na kuondoka.

"Umeungua, na mtoto anasema mtamu," anasema siku yake ya mapumziko, akiwa kwenye benchi la bustani ya mtaa. "Mimi nimempikia mkate huo huo miaka sita, haujaungua hata mara moja. Sikumbuki kama aliwahi kuula huku akicheka hivyo." Anamtazama mwandishi. "Usiandike kwamba nilikuwa na huzuni. Andika wivu."

Fortunate ana miaka thelathini na minne. Alitoka kijiji kimoja nje ya Mbarara, magharibi mwa Uganda, akamwacha binti yake Trinah, aliyekuwa na miaka mitatu, kwa dada yake Jovia. Analipwa dirhamu elfu moja na mia sita kwa mwezi, na sehemu kubwa inakwenda nyumbani. Kiswahili chake hakukileta kutoka Mbarara. Amekipata humo humo ndani, kwa sababu familia hii asili yake ni Unguja, na mama yake Madam, ambaye kila mtu anamwita Bibi, huzungumza Kiunguja kutwa nzima.

Fortunate alipofika, Lujain alikuwa na mwaka mmoja. Alimfundisha kula kwa kijiko. Alimwosha, alimlaza, na kila Alhamisi jioni alimpaka mafuta ya nazi kichwani na kumsuka. Mtoto alishindwa kulitamka jina lake, akamwita Futu, na nyumba nzima ikafuata.

Kisa chenyewe kilianza baada ya Idi. Ramadhani ilikuwa na wageni wa futari karibu kila usiku. Zikaja nguo mpya, pesa za sikukuu kwa watoto wa ukoo mzima, halafu safari ya Istanbul ambayo hakuna aliyekuwa ameipanga. Waliporudi, mume wa Madam alifungua simu, akasoma deni la kadi ya benki, akaenda kulala bila kula.

Madam naye akatazama ya upande wake. Vyakula vya kuagiza kwa simu peke yake vilikuwa vimekula dirhamu elfu nne na zaidi kwa mwezi. Akawaita wote sebuleni, Bibi na Fortunate wakiwemo. Khalas, basi, alisema. Mfunguo Mosi, huu mwezi wa baada ya Ramadhani, siku zote zilizobaki hakuna kuagiza, hakuna maduka makubwa, hakuna saluni, hakuna kitu kipya. Ukiacha mkate na maziwa, watakula kilichomo kabatini na kwenye friza mpaka mwezi mwingine uandame.

Fortunate alifurahi. Kwa miaka mingi alikuwa akipika asubuhi na mchana tu; jioni pikipiki zilipiga honi getini na familia ikala kutoka kwenye maboksi ya karatasi. Alijua sasa wote watakula chakula cha mkono wake.

Asichokijua ni kwamba mtu aliyezoea kutoka kazini na kupitia dukani, saluni na kwenye mazoezi, akikatazwa yote hayo, atafika nyumbani saa kumi na hana la kufanya. Madam aliingia jikoni. Siku ya kwanza alikata kachumbari. Wiki haijaisha, chakula cha jioni kilikuwa chake. Akachukua na cha asubuhi. Kisha akaanza kumwogesha mtoto mwenyewe, na Fortunate, akiwa nje na taulo mkononi, akasikia vicheko nyuma ya mlango.

"Taulo ndilo waliloniachia," anasema.

Ikafika Alhamisi. Alipasha mafuta ya nazi, akachukua kitana, akaenda sebuleni kama kawaida. Akamkuta Lujain ameshakaa chini katikati ya magoti ya mama yake. Mistari ilikuwa imepinda, msuko mmoja mnene kuliko mwingine. Mtoto alijitazama kwenye simu ya mama yake, akageuka kushoto, akageuka kulia, akataka apigwe picha.

Usiku huo Fortunate aliosha vyombo kwa kelele mpaka Bibi akaja na fimbo yake. "Weye Futu," alisema, "hizo sahani zimekukosea nini?"

Alimweleza rafiki yake Agneta, Mkenya kutoka Kakamega anayefanya kazi nyumba ya tatu, walipokutana kwenye pipa la taka. Agneta alimcheka. Alisema madam wake akiingia jikoni yeye atampigia makofi na kwenda kulala. "Kwani wewe uliandikwa kazi ya kupika ama ya kupendwa?" alimuuliza. Kisha akaongeza, nusu utani, kwamba watu wakianza kukata matumizi yasiyo ya lazima hufika mahali wakaangalia na wafanyakazi.

Agneta alidhani amemtisha. Visa ya Fortunate inaisha msimu huu wa joto, na ingekuwa haki yake kuogopa. "Hata kazi sikuiwaza," anasema. "Niliwaza mtoto. Nilijiambia, mwezi ukiisha, huyu hatakuwa ananiita tena. Na huyo ndiye mtoto niliyebaki naye."

Akafanya jambo ambalo mpaka leo analisema akitazama chini. Kila alipotumwa mkate au maziwa kwenye duka la pembeni la Mmalayali, Mhindi wa Kerala, alinunua na kitu chake: chokoleti, biskuti za krimu, juisi ya boksi. Alivitia ndani ya mkoba wa shule wa Lujain, chini ya vitabu. Nyumba nzima imefunga matumizi, na yeye, mwenye kipato kidogo kuliko wote, ndiye anayenunua. Zilimtoka karibu dirhamu mia tatu. Mwezi huo alituma pungufu nyumbani, akamwambia Jovia mshahara umechelewa.

Alisubiri mtoto aje amnong'oneze, amkumbatie, amwambie asante Futu. Lujain alimtazama tu kwa macho makubwa na kukimbilia basi la shule.

"Nikaona sijanunua vya kutosha," anasema. "Nikaongeza."

Yalifichuka Ijumaa moja, Madam alipokuwa akipanga kabati la mtoto. Nyuma ya soksi alikuta vyote. Chokoleti, biskuti, juisi, vimepangwa kwa mstari, hakuna hata kimoja kilichofunguliwa. Alimuuliza Lujain nani kampa. Mtoto akafunga mdomo. Fortunate alikuwa mlangoni na kapu la nguo, akaliweka chini, akasema, "Ni mimi, Madam."

Hapo ndipo mtoto alipolia. Alisema yeye hakula, kwa sababu Mama amesema mpaka mwezi uandame. Na hakusema, ili Futu asigombezwe.

Madam alimpeleka Lujain kwa Bibi, akarudi, akafunga mlango, akakaa kwenye kitanda cha mtoto. Fortunate alibaki amesimama. Wote wawili wanayakumbuka mazungumzo hayo kwa namna moja.

"Umenunua kwa pesa gani?"

"Zangu."

"Na Trinah je?"

Fortunate alisema tu alilokuwa nalo: kwamba wivu ulimshika, na kwamba kila asubuhi aliona moto wa mkate ni mkubwa mno, akanyamaza makusudi ili uungue.

Madam akacheka, akacheka mpaka akalala chali kwenye kitanda kile kidogo. Alipoinuka macho yalikuwa na maji.

"Akiota vibaya usiku anaita Futu," alisema. "Mie nalala chumba cha ubavuni, nasikia. Nainuka mbio, nafika mlangoni, nakukuta weye ushafika. Kila usiku, miaka hiyo yote. Mwezi huu nikasema wacha na mie nifike kabla yako."

Akizungumza na mwandishi kwa ridhaa yake na ya mumewe, Madam Shamsa anakiri kwamba alipotangaza kufunga matumizi hakuwa na nia nyingine zaidi ya deni. Hili la pili, la mtoto, lilimjia alipokuwa akikata nyanya siku ya kwanza, mtoto akaja kusimama karibu yake. "Ni aibu," anasema. "Unamwonea wivu mtu unayemlipa mwenyewe mshahara. Utamwambia nani?"

Kesho yake asubuhi Fortunate aliingia jikoni na kupunguza moto. Mkate ukatoka wa rangi nzuri. Lujain akauliza mbona leo haukuungua.

Mfunguo Mosi umekwisha. Familia imeokoa zaidi ya dirhamu elfu tano na deni la kadi limeshuka. Pikipiki zimerudi getini, lakini mara moja kwa wiki. Visa ya Fortunate itaongezwa. Madam ameshapeleka karatasi. Jioni wanapika wote wawili, na wanagombana juu ya chumvi. Mtoto bado anaota, na bado anaita. Siku nyingine anaita Mama.

Fortunate hajifanyi kwamba yameisha. "Nywele sijarudishiwa," anasema. "Alhamisi ikifika naenda kupiga pasi chumba cha nyuma, nisione. Misuko imeanza kunyooka sasa. Hiyo nayo inaniuma."

Kuna jingine lililotoka katika mwezi ule. Kila baada ya miaka miwili Fortunate ana haki ya tiketi ya kwenda nyumbani. Mara zote mbili zilizopita aliomba apewe pesa badala ya tiketi, akazituma: moja ikawa mabati, nyingine ada ya shule. Safari hii amemwambia Madam anataka ndege. Ataondoka shule zikifungwa, mwezi mzima, na mwaka huu paa la choo litasubiri.

Alimpigia Jovia kumpa habari. Walicheka, wakapanga nani atakuja kumpokea uwanja wa ndege wa Entebbe. Halafu Fortunate akauliza Trinah siku hizi anapenda kula nini.

Jovia akasema, taratibu, kwamba mtoto anakula anachopikiwa.

Fortunate anasimulia hayo akikunja na kukunjua ncha ya mtandio wake. Anasema aliijua sauti ile kabla haijamaliza. Ilikuwa yake mwenyewe, akiwa nje ya mlango wa bafu na taulo. Jovia ndiye aliyeamka usiku miaka yote hii. Jovia ndiye Trinah anayemwita.

Hakumjibu kwa ukali, na hakukata simu. Alisema sawa dada, wakaagana. Tangu siku hiyo amekuwa akiwaza atakavyoingia katika nyumba ile.

"Nitafika, nitasalimia, nitakaa," anasema. "Siku za kwanza sitagusa kitu. Halafu nitamfuata jikoni, nitamwomba. Nitasema, dada, niachie sufuria moja tu, ya jioni. Akikubali, nitapika." Anasimama, anakung'uta vumbi kwenye gauni, kwa kuwa Lujain anakaribia kutoka shule, na hata siku ya mapumziko hupenda kumpokea mwenyewe. "Akikataa, nitakaa pale pale nimkatie vitunguu."