Kitabu Ambacho Hatukukikata

Siku hizi ukisema kuhifadhi kitabu, watu hufikiria kompyuta. Sisi, wakati wa Zaire, tulikuwa na kamera iliyofungwa juu ya nguzo, taa mbili, kioo cha kubana kurasa, na filamu. Kila picha ilikuwa ndogo kama ukucha, lakini ukiitia kwenye mashine ya kusomea, ukurasa mzima unarudi. Kazi hiyo niliifanya katika maktaba moja ya Kisangani, ambako unyevu na mchwa walikuwa wameanza kabla yetu.

Mama mmoja alivuka mto kutoka Lubunga na kitabu cha nyimbo za Kilokele, lugha ya wavuvi wa mto huo, kilichochapwa zamani. Hatukujua nakala nyingine. Korali yake ilikitegemea, naye alitaka maneno yabaki hata kitabu kikioza.

Tatizo lilikuwa gundi. Mtu alikuwa amekitengeneza kwa gundi nyingi mno, ikameza maneno yote ya karibu na mgongo. Vitabu vya namna hiyo tulivikata mgongo, tukavipiga picha, kisha tukavishona upya. Nilimweleza hivyo.

“Unataka kunikatia kitabu kama kuku?”

“Mama, ni mugongo tu. Kisha tutashona.”

“Na dimanche kanisani tutaimba na nini? Na sindano?”

Mkuu wangu akachungulia mlangoni, akaniita mwananchi kwa Kifaransa, kama tulivyoitana sote wakati ule. “Citoyen, kata! Kuko vingine vinangoja.”

Mama akakikumbatia kitabu. “Bon. Mimi narudi Lubunga.”

Alikuwa amekwisha simama. Nikamwomba akae, nikazipiga picha kurasa zote bila kukata. Kisha nikavuta taipureta: yeye aimbe, mimi niandike yale yaliyomezwa. Mimi ni mtu wa Maniema, Kilokele sikijui, kwa hiyo kila mstari nilimwimbia tena.

“Ee mutoto yangu! Ukiimba hivyo, samaki wote watakimbia mpaka Ubundu!”

Tulisahihisha, tukaendelea. Ukijifunza kazi hii, usione haya kuchekwa. Ndivyo makosa yanavyoonekana.

Mstari mmoja ulimpotea kabisa. “Acha nafasi,” akasema. “Nitauliza wenzangu.” Akaondoka na kitabu chake kizima.

Jumatatu alirudi na waimbaji wawili, bado wanabishana juu ya mstari ule.

“Mimi niliimba hivi tangu utoto!”

“Donc utoto wako wote ulikosea!”

Hakuna aliyekubali kushindwa. Niliandika mistari yote miwili, mmoja chini ya mwingine, nikaiweka karatasi chini ya kioo, nikawasha taa.