Mama wa Kwenye Vikombe Vyangu

Anayetaka kucheka acheke kwanza, amalize, halafu anisikilize. Haya hayakumpata shangazi wa jirani, wala sikuyasoma kwenye simu. Yalinipata mimi, mama wa watoto, mwimba sauti ya pili kwenye kwaya, mtu ambaye hadithi za majini zilikuwa zinanipigisha miayo. Na yalianza asubuhi kweupe, dukani kwangu Ilomba, hapa Mbeya, mashine zikiwa zinawaka.

Kazi yangu ni kuchapa picha kwenye vitu: vikombe, makava ya simu, mifuko ya kitambaa, fulana za misiba na za sendofu za kuaga mabibi harusi. Mwaka juzi mdogo wangu Festo, anayeendesha gari la wageni huko Idodi, njia ya kwenda hifadhini, alinitumia picha aliyoipiga mwenyewe. Simba jike amelala kwenye mchanga wa korongo, wanawe watatu wamempanda mgongoni, mmoja anamtafuna mkia. Niamini, ile picha ilikuwa nzuri mpaka inakera. Nikaichapa kwenye vikombe, vikaisha kabla ya Jumamosi.

Ila watu wa Mbeya tunajuana kwa ubishi. Kila mteja ananiambia hii umeitoa mtandaoni, hawa simba wa Afrika Kusini. Nikachoka. Nikampigia Festo, nikamwuliza ni wapi hasa. Alisitasita, lakini dada ni dada, akanitajia: korongo la Mikwajuni, nyuma ya mashamba ya Idodi, nje ya hifadhi, na yule mama hahami pale mpaka watoto wakue. Basi nikaandika chini ya picha, kwa herufi nzuri za kulala: Mama na Wanawe, Korongo la Mikwajuni, Idodi. Ubishi ukaisha. Mifuko ikauzwa mpaka Rujewa, kwa wakulima wa mpunga na wafugaji. Nilijiona mjanja kweli.

Akaja asubuhi moja ya Julai, mwaka huo huo, ile baridi ya Mbeya inayokufanya uahirishe hata kunawa uso. Mwanamke mrefu, mkavu, kajifunika shuka la kahawia, kichwani kanga iliyopauka. Nilimpa kiti, akachuchumaa. Hilo halikunishangaza, wapo wasiopenda viti vya plastiki. Kilichonishangaza ni mbwa wa fundi cherehani wa mlango wa pili, mbwa anayembwekea hata mchungaji. Siku ile aliingia chini ya cherehani akajikojolea.

Yule mama hakuulizia kitu. Alisimama, akapita kwenye rafu akigeuza kikombe kimoja kimoja, mpaka picha zote zikatazama ukutani. Nikamwuliza, dada, vipi tena? Akanijibu kwa Kiswahili cha polepole, kama mtu anayekanyaga pasipo njia.

"Futa maneno, mama. Picha iache. Maneno ndiyo ufute."

Nikamwambia maneno ndiyo yanayouza. Nikamwambia nina oda ya mifuko sitini ya mkutano wa akina mama, karatasi zimeshatoka, mashine imeshapata moto. Nikimaliza hiyo nitafikiria. Unaijua ile sauti ya mwenye duka anayetaka mtu atoke? Ndiyo niliyoitumia, na naijutia mpaka leo.

Hakutoka. Alichukua mfuko mmoja mezani, akaukunjua, akaweka kidole kwenye sikio la simba.

"Hapa umekosea. Ni la huku."

Ngoja nieleze. Sisi wachapaji picha tunaigeuza kwanza kwenye karatasi, kulia iwe kushoto, ili ikibandikwa kwenye kitu itoke sawa. Ukisahau, inatoka kinyume. Mzigo ule maneno niliyageuza, picha nikaisahau. Simba wa Festo ana pengo kwenye sikio la kushoto, na kwenye mifuko yangu pengo likahamia kulia. Nilikuwa nimeligundua nikanyamaza. Nani angejua? Simba ni simba.

Yule mama akashusha kanga. Sikio lake la kushoto lilikuwa na pengo, lile lile, kovu la zamani. Akanitazama, na sikumwona akipepesa macho.

"Wenye ng'ombe wameshasoma ulichoandika," akasema. "Siku tatu, mama. Wanangu hawajui kukataa nyama."

Akaondoka. Nikavigeuza vikombe tena, kimoja kimoja, vitazame mlangoni.

Utaniuliza, ukafuta? Sikufuta. Niliimaliza mifuko sitini. Nilijiambia ni mgonjwa wa akili, maskini, na masikio ya watu yanachanwa na hereni kila siku. Lakini usiku wa kwanza sikulala, na wa pili nilikuwa nainuka kila saa, nakwenda kuwatazama watoto, narudi, nainuka tena. Sisi tunaochapa kwenye fulana kwamba uchungu wa mwana aujuaye ni mzazi, hatuyasomi tunayochapa.

Siku ya tatu alfajiri nikampigia Festo. Akaniambia kuna mfugaji ameliwa ng'ombe, na jana wanaume wawili walimsimamisha wakiulizia Mikwajuni. Mmoja alikuwa na mfuko wangu begani, akamwonyesha maandishi kwa kidole. Yeye aligoma kuwaelekeza, lakini kijijini nani asiyejua korongo?

"Dada, mbona uliandika mahali?" akaniuliza. "Sisi madereva hata tukiitana kwenye redio hatutaji penye wadogo. Nilikwambia wewe tu."

Nikakata simu. Nikapanda basi la kwanza la Iringa, na pale nikapata gari la Idodi, nimeshika simu mkononi njia nzima kana kwamba ingenisaidia kitu. Sijui nilitaka kufanya nini. Nilifika jua linazama. Festo alikuwa ameshakwenda korongoni na askari wa wanyamapori, kwa hiyo nikashika njia ya kwake peke yangu, pembeni mwa mashamba yaliyokwisha kuvunwa.

Yule mama alikuwa amechuchumaa kando ya njia. Shuka lile lile, na ndani yake kapakata kitu kifuani. Hakuwa na hasira. Afadhali angekuwa nayo.

"Nishikie," akasema, na akanipa.

Nikapokea, mikono ilipokea yenyewe. Kilikuwa kizito kuliko mtoto wa kimo kile, kina joto kama la homa, na kifuani kinanguruma taratibu, unausikia mngurumo mpaka kwenye mifupa. Kiguu kikachomoka kwenye shuka, kikanikandamiza kiganjani, kikateleza mpaka kwenye kifundo cha mkono. Sikuthubutu kukifunua. Nikalia, nikamwomba msamaha, nikarudia na kurudia neno hilo moja. Akanisubiri nimalize, akachukua mwanawe.

"Una wangapi?"

Mama yangu alitufundisha tangu wadogo kwamba watoto hawahesabiwi kwa mdomo. Ukiulizwa unasema wapo, Mungu anawatunza. Lakini hofu ilikuwa imenilegeza ulimi.

"Watatu," nikasema.

"Na mimi walikuwa watatu."

Akaingia kwenye majani makavu, na hayakutoa sauti.

Festo alirudi na tochi, uso umemshuka. Mzoga wa ng'ombe ulikuwa umetiwa sumu, na pembeni yake wamekuta watoto wawili wa simba wamekufa. Mama na yule mmoja hawakuonekana, na hawajaonekana mpaka leo. Wale wanaume nao siwalaani. Ng'ombe ndiyo ada ya shule ya watoto wao, na njia niliwaonyesha mimi.

Kwenye kifundo cha mkono wangu wa kulia kuna mistari minne, njoo dukani nikuonyeshe. Maneno niliyafuta siku niliyorudi. Wanangu wazima, wanakula, wanagombana. Lakini sijatulia. Wakichelewa dakika kumi nasimama barabarani. Mkubwa amepata chuo Iringa, nimemkatalia, na wiki ya pili hii hanisemeshi. Nitamwelezaje? Hata mimi sijui yule mama aliniuliza vile kama mfiwa anayezungumza na mzazi mwenzake, au alikuwa anataka hesabu.

Wewe unayepiga picha za wanyama na unayezichapa, piga, chapa, uza, lakini usiandike wanapolala wenye wadogo. Na mtu usiyemjua akikuuliza una watoto wangapi, sema wapo, unyamaze. Mimi nilishajibu.