Seli za Chelel

Miaka mitatu ya utafiti wa Cheptanui ilikuwa ndani ya chupa nne ndogo, na chupa zote nne ziliharibika wikendi moja. Umeme wa maabara ulipotea, jenereta ikagoma kwa kukosa mafuta, na kufikia Jumatatu vimelea vyake vyote, alivyovikuza ndani ya seli za ng'ombe, vilikuwa vimekufa. Profesa Makhanu, msimamizi wake, hakumung'unya maneno: apate vingine kabla ya mwezi kuisha, au aage shahada yake ya uzamivu.

Jumanne asubuhi mama yake akapiga simu kutoka Rongai. Chelel, ng'ombe wao wa pekee wa maziwa, amevimba tezi chini ya sikio na mwili unachemka. Ilikuwa ndigana, ugonjwa uleule anaousomea: kimelea kinacholetwa na kupe, kinachoingia ndani ya seli ya ng'ombe na kuilazimisha igawanyike bila kukoma. Dawa ilikuwa nyumbani, yeye mwenyewe aliinunua. Lakini dawa ingeua vimelea kabla hajavichukua.

"Mum, msimdunge kwanza. Ngoja nikuje," alisema, na aibu ikamshika papo hapo.

Alikusudia kufika jioni ileile. Kumbe ufunguo wa stoo ya vifaa vya kuchukulia sampuli alikuwa nao fundi wa maabara, naye alikuwa mazishini Longonot, simu imezimwa. Ngoja ngoja huumiza matumbo, na safari hii tumbo halikuwa lake. Alifika Jumatano saa sita mchana.

Chelel alikuwa amelala, povu limemjaa puani, pumzi zinakwaruza. Kibii, jirani yao, alikuwa na sindano ya dawa mkononi tangu alfajiri; mama ndiye aliyemkataza. Cheptanui alivuta maji ya tezi kwa sindano yake kwanza, ndipo akamruhusu Kibii adunge. Saa tisa Chelel akakata roho.

Mama hakulia wala hakugomba. "Ulisema tungoje," alisema. "Tukangoja."

Wiki mbili baadaye mama alipiga simu kuuliza kama kazi imefaulu. Cheptanui alimweleza kwamba seli zile za Chelel zimekubali kukua maabara, zinaongezeka kila siku, na zikitunzwa vizuri hazitakufa.

Mama aliuliza: "Kwa hivyo Chelel bado ako huko?"

"Ako, Mum."

"Basi usimwache alale njaa."

Alipokata simu Cheptanui alitoka nje, akafungua tangi la jenereta ya maabara na kupima mafuta mwenyewe.