Kiazi Kikuu cha Chini ya Muringa

Nikipita kwa wapasua mbao pale Nkubu, harufu ya mbao mbichi ikinigusa pua, mimi hurudi moja kwa moja hadi kishamba cha miti cha nyanya yangu mzaa baba, kule nyuma ya Kanyakine. Kilikuwa kidogo tu. Ukikohoa upande huu, jirani wa upande wa pili anakupa pole. Lakini humo ndimo tulimotoa kuni, fito za maharagwe, majani ya mbuzi, na asali nyuki wakiwa na moyo mzuri.

Mimi pia nilikuwa na changu humo: kiazi kikuu, kimepandwa chini ya muringa mrefu ili kamba zake zipande juu. Kwetu kiazi kikuu hakipewi kijiti kikavu, hupewa mti ulio hai. Kila nikitoka shule nilikipitia nikakisalimia.

Basi Anko Mwenda, mdogo wake baba, akaja na habari ya avokado. Miti yote iondoke, tupande avokado. Nyanya akamwambia, shamba nimekupa, wewe jua. Mwenye msumeno wa petroli akaitwa aje kesho yake, nami nikaambiwa nichimbe kiazi changu kabla muringa haujakatwa.

Nilichimba nikilia. Halafu nikafikia bega la kile kiazi, na machozi yakasahau kazi yake. Kilikuwa kinateremka tu, hakina mwisho.

"Anko, kuja uone!"

"Toka hapo, utakivunja," akasema, akapiga magoti na ile suruali yake ya kwenda mjini. Akachimba kwa panga, kisha kwa vidole, mpaka mkono ukazama kwapani. "Huyu ni kiazi ama ni nguruwe?" Tukacheka tukilala kifudifudi kwenye udongo baridi. Mwishowe akakata chini ya kichwa, akanipakatisha kiazi kama mtoto. Kisha akafukia kile kichwa kinachochipua kiazi kingine, akakanyaga udongo taratibu, akainua kamba iliyoanguka na kuizungusha tena kwenye muringa.

Nyanya alikuwa amesimama na mzigo wake wa kuni mgongoni.

"Mwenda, hicho kichwa umekifukia kwa ajili ya nani? Si mti unaenda kesho?"

Anko akaitazama mikono yake. "Hii mikono haikuniuliza," akasema. Nyanya akacheka mpaka akatua kuni.

Kesho yake msumeno ulinguruma kweli, lakini ulikata mikalitusi miwili tu ya kando, tukajengea jikoni. Avokado zikapandwa hapo palipobaki jua.

Shuleni nilijigamba kwamba kiazi changu kimeokoa miti. Nimechelewa sana kujua kwamba kazi hiyo ilifanywa zamani na yeyote yule aliyemfundisha Anko, akiwa mdogo kama mimi, kuchimba bila kumaliza.

Juzi tulichimba tena pale pale. Nilishtukia nimeshafukia kichwa, na kamba iko mtini.