Mume Wangu Ndiye Aliyechomelea Stelingi ya Marehemu

Admin, jina langu lifiche, ila maneno yangu yaache yalivyo. Nina miaka sitini na mbili, naishi Same, nilifiwa na mume nikaolewa tena. Ndoa hii ya pili ina zaidi ya miaka thelathini, na mwezi mzima sasa namtazama mume wangu akinywa uji, wa kwangu haushuki. Vijana mnaopenda kutucheka wazee humu, nisomeni kwanza, mtacheka baadaye.

Marehemu, Baba Neema, alikuwa na pikapu kuukuu ya kushushia tangawizi kutoka milimani hadi sokoni. Ilikuwa miaka ile ya ruksa, biashara zilipofunguliwa. Mitumba imejaa, sabuni imerudi madukani, lakini spea ya gari kuukuu utaitafuta hadi Arusha na utarudi mikono mitupu. Siku moja akagonga ng'ombe kule kijiji cha Kisiwani. Gari halikuumia sana, ila tangu siku hiyo usukani ukawa unacheza, unapanda na kushuka mikononi mwake. Tukalipeleka kwa rafiki yake, Fundi, aliyekuwa na gereji kando ya barabara kuu. Fundi akaichomelea stelingi, lile bomba linaloshika usukani, ikatulia kabisa. Haikupita wiki mbili, Baba Neema anashuka na mzigo, gari likamshinda kwenye kona, likaenda kugonga ukingo wa udongo. Haki ya Mungu, hata kioo cha mbele hakikupasuka! Abiria aliyekaa naye alishuka anajipangusa vumbi. Mume wangu usukani ulimpiga kifuani, na hospitali hakufika.

Ukoo wake wakasema si bure. Kioo kizima, mtu amekufa? Karogwa. Macho yote kwangu. Wazee wakaamua kuvunja chungu, na Wapare wenzangu mnajua, chungu kikishavunjwa aliyehusika haponi, na kizazi chake kinamfuata. Aliyewazuia ni Fundi. Alipiga magoti mbele yao, mtu mzima analia.

"Wazee wangu, shikamooni. Msivunje chungu, nawasihi. Mtaangamiza asiye na kosa."

Wakaahirisha, na lile jambo likapoa. Mimi nikamwona malaika, maana nani mwingine alinisimamia? Baada ya miaka miwili akanioa, akamlea Neema wangu kama wa kumzaa.

Sasa mwezi uliopita nikauza lile gofu la pikapu kwa mnunuzi wa vyuma chakavu. Miaka yote Fundi hakutaka liguswe. Alilifunika turubai nyuma ya nyumba, nami nikidhani ni kumheshimu rafiki yake. Siku hiyo alikuwa Usangi kwenye msiba. Mkata vyuma wake, mtu wa makamo aliyewahi kuwa fundi magari, akaniita.

"Mama, aliyechomelea hapa alikuwa na ugomvi na dereva?"

Nikamuuliza ana maana gani. Akanionyesha kwamba bomba la stelingi ni mabomba mawili, moja limeingia ndani ya jingine. Gari likigonga, moja linatakiwa lizame ndani ya jingine, ndipo usukani usogee mbali na kifua cha dereva, kipone. "Hapa wamezungusha moto pande zote, mama. Hili haliwezi kuzama tena."

Fundi aliporudi nikamwambia nimeuza lile gari. Hakuuliza bei, wala nimemuuzia nani. Aliuliza, "Na stelingi wamechukua?" Jamani! Gari zima limeuzwa, mtu anaulizia stelingi? Nikamjibu wamechukua. Akakaa chini, na chakula hakugusa siku hiyo.

Tangu hapo nimekuwa mpelelezi ndani ya nyumba yangu. Nakumbuka kabla ya msiba wa Baba Neema alivyokuwa akipita gengeni kwangu, ananunua nyanya mbili, anapiga soga nusu saa. "Shemeji, huyu jamaa kabahatika." Mtasema ni utani wa shemeji. Sawa, lakini nyanya mbili kila siku, mtu hana hata mke wa kumpikia? Nakumbuka pia kwamba baada ya kifo kile hakuchomelea tena stelingi ya mtu yeyote. Wateja aliwafukuza wakatafute nzima Moshi, wengine wakamhama. Nikimuuliza anasema macho yamechoka. Macho gani, wakati mageti alikuwa anachomelea? Kikulacho ki nguoni mwako, waliosema hawakukosea.

Neema anakuja Krismasi, si mnajua sisi Desemba wote tunarudi nyumbani. Same ni ndogo, habari za mkata vyuma zimeshamfikia. Kanipigia simu: "Mama, muulize baba wewe. Usipomuuliza, nitamuuliza mimi mbele ya ukoo."

Hapo ndipo nilipokwama, na kuna jambo nimewaficha tangu mwanzo. Siku ile gereji, Fundi hakutaka kuchomelea. Baba Neema alikuwa ameenda kunywa chai, nimebaki mimi. Fundi akaiweka chini ile fimbo ya kuchomelea, akaniambia, "Shemeji, hiki hakichomelewi. Nipeni wiki mbili nitafute kizima." Hakusema kwa nini, na hilo ndilo linalonitia shaka mpaka leo. Lakini mimi magunia ya tangawizi yalikuwa yanaota ukungu nyumbani, nikamjibu kwa jeuri, "Acha maringo, Fundi. Choma tuondoke." Akachoma. Marehemu aliporudi, Fundi hakumwambia chochote, nami nikanyamaza. Miaka yote hii hajawahi kunikumbusha neno lile, hata tukigombana.

Wenzangu nipeni shauri, na msiniambie nikaombe tu, kuomba nimeomba. Nimuulize Fundi kama alijua ile stelingi itaua, au kwanza nimwambie mwanangu kwamba aliyesema "choma" ni mama yake?