Mkutano wa Wapangaji

Kosa lilikuwa langu, maana tangazo niliandika mimi: "Mkutano wa wapangaji kuhusu ramani mpya ya mtaa. Jumamosi, saa nne, shule ya msingi." Nilimaanisha sisi wa ofisi ya mipango miji, tukutane na wakazi wote. Wenye nyumba waliposoma, wakaona haliwahusu, wakabaki majumbani. Akaja mpangaji mmoja tu: fundi cherehani aliyeitwa Fundi Pindo.

"Mama, hawa ni wapangaji wa mji," mhandisi wetu alimwambia, akizuia kicheko.

"Na mimi nimepanga mjini, baba. Kwani nimepanga porini?"

Tulicheka. Yeye alivuta kiti karibu na ramani, nikamwonyesha chumba alichopanga miaka kumi na tisa. Ubavuni mwake ulipita mstari mwekundu.

"Hapa mnaziba?"

"Kichochoro tu hicho," mhandisi alisema. "Gari halipiti."

"Wanapita watu."

"Watu gani? Wataje."

Alidhani amemmaliza. Kumbe dirisha la fundi liko chini, na akiwa kwenye cherehani anawaona wapita njia kuanzia magotini kwenda chini. Akawataja: nesi wa viatu vyeupe anayepita kabla ya saa kumi na mbili asubuhi na kurudi jioni, mapacha wanaogawana jozi moja ya soksi, seremala anayeburuta mguu wa kushoto, bibi wa sketi iliyofumuka pindo, anayepumzika mara tatu. "Huyo mkimzungushia barabara kubwa, atafika lini?" Niliandika hadi ukurasa ukajaa.

"Na wewe, dada, unakitumia kwenda wapi?" nikauliza.

Alilaza ncha ya ramani kwa kidole gumba, kama anayekunja pindo.

"Mimi sipiti, mdogo wangu. Tangu mama afariki sina pa kwenda. Wakipita wananiuliza, 'Za kazi, fundi?' Najibu, 'Njema.' Siku nyingine hilo ndilo neno langu la kutwa nzima."

Mhandisi alifunika kalamu yake. Baada ya wiki mbili mstari ulifutwa, nami nikaandika mahali pake: njia ya miguu.

Nilikwenda mwenyewe jioni kumpa habari. Niliinama dirishani. "Kichochoro kimebaki, dada."

Mguu wake ulisimama juu ya pedali. Akaitikia kwa kichwa polepole.

"Ahsante, mdogo wangu. Sasa sogea, unanizibia mwanga."

Nikasogea. Viatu vyeupe vikanipita.

"Za kazi, fundi?"

"Njema," alijibu, na cherehani ikaanza tena.