Salamu za Juu ya Baiskeli

Kosa langu la kwanza barabarani lilikuwa adabu. Nilijifunza baiskeli peke yangu kwenye njia za ng'ombe nje ya Bariadi, na huko ukikutana na mtu mzima unamsalimia huku unapita. Unasema kwa Kisukuma "Mwangaluka, baba," kisha unageuza shingo kujibu habari za nyumbani, za mifugo na za mvua mpaka sauti zisifikiane tena. Kupita kimya ni dharau, na mimi nilikuwa mtoto ambaye akiambiwa ana dharau hapati usingizi. Tulipohamia mjini nikaingia na tabia hiyo nzima nzima kwenye lami, tena msimu wa pamba, wakati malori yanapita yamesheheni magunia na hewa yote inanuka vumbi na dizeli.

Kila asubuhi nilimpakia mdogo wangu Kabula kwenye keria kumpeleka shule. Njiani, upande wa kulia wa barabara, alikaa Mama Kulwa, aliyeimba kwaya moja na mama yangu, akiuza michembe, vile viazi vitamu vilivyokatwa na kuanikwa juani. Siku hiyo nilimwamkia vizuri, lakini alipouliza mama ameamkaje nilikuwa nimeshampita, nikageuka kabisa kumjibu. Shingo ikienda kulia, usukani nao unaifuata. Hilo sikulijua. Nilisikia honi mgongoni, nikakata kushoto bila kuangalia, tukaishia mtaroni. Lori likapita na utingo akapiga kelele kutoka juu ya magunia, "We dogo, mahubiri kamalizie kanisani!" Kabula alichubuka goti na sketi yake ikachanika. Hakulia. Alijipangusa tu akasema, "Kaka, hujamjibu Mama Kulwa."

Mama hakunipiga, na ingekuwa afadhali angenipiga. Alishona ile sketi, kisha akasema likizo ikiisha Kabula atahamia Kasoli kwa bibi, akasome huko. Mama mwenyewe aliingia alfajiri kwenye kiwanda cha kuchambua pamba, na kwa miguu shule ilikuwa mbali mno kwa mtoto mdogo vile. Nilielewa. Niliendelea kuelewa usiku na mchana.

Likizo ile sikucheza. Nilikaa kwenye ukingo wa barabara nikitazama jinsi magari yanavyowapita wenye baiskeli, na nani anayumba, na kwa nini. Kisha nikaenda kwenye uwanja mtupu, nikachora mstari mrefu kwa majivu na kuendesha juu yake huku nikitazama nyuma. Nikitoka nje ya mstari hata kidogo, nilirudi mwanzo. Nilijifunza kunyoosha mkono mmoja bila usukani kutetemeka. Breki nilizikaza kila siku, hadi fundi wa pale jirani akaninyang'anya spana. "Masanja, hiyo waya inakukosea nini? Utaikata sasa hivi!" Nilipoona siwezi tena kutoka kwenye mstari hata nikitaka, nikamwomba mama apande keria mwenyewe.

Alipanda Jumamosi, upande upande, mwavuli mapajani. "Twende sokoni," alisema. "Nikishuka kabla ya kufika, Kabula anakwenda Kasoli, na usinililie."

Tulikwenda vizuri mpaka kwa Mama Kulwa. "Mwangaluka, Mama Masanja! Na huyo dereva wako je, haoni watu?" Sikugeuka. Mama akanichoma mbavuni kwa ncha ya mwavuli. "Salimia!"

"Mama, nyuma kuna lori."

"Nimesema salimia, unanitia aibu!"

Masikio yaliniwaka moto, lakini niliweka macho mbele na baiskeli ikanyooka. Lori likatupita kwa upepo mkubwa. Nilichungulia nyuma, nikanyoosha mkono wa kushoto, nikatoka nje ya lami na kusimama, mguu chini. Mama akashuka. Moyo wangu ukashuka naye. Hata hivyo niliegesha baiskeli, nikavuka barabara na kurudi kwa miguu hadi kwa Mama Kulwa, nikainama na kumsalimia yote, ya nyumbani na ya mvua.

"Nilidhani umepata kazi serikalini," akasema, "hutujui tena."

Mama alinifuata, akanunua michembe, akaonja mmoja, akatazama lori jingine likipita. Kisha akarudi kwenye keria, akakaa, akafungua mwavuli. "Mbona husogei? Jumatatu Kabula ana shule, na mimi sijafika sokoni."

Sijawahi kuendesha kwa fahari kama mwendo ule uliobaki. Kwa muda Mama Kulwa alisimulia kwamba kijana wa mjini amekuwa na maringo, nami kwa mara ya kwanza nikalala vizuri huku nikisemwa.

Leo Bariadi ina bodaboda na bajaji nyingi kuliko baiskeli, na vijana wengi huitikia salamu kwa honi. Mimi bado naamka usiku kukagua breki. Kabula alimaliza darasa la saba hapa hapa mjini, na sasa yuko sekondari. Anakwenda na baiskeli yake mwenyewe, na mama akirudi kutoka kiwandani haulizi tena kama alifika salama.